Altnaharra: Baridi kali, nyumba chache na ardhi yenye faida kwa walio mbali

KWA wakazi wengi wa Uingereza, jina la Altnaharra husikika mara chache kwa mwaka, katika taarifa za hali ya hewa za majira ya baridi. Mtangazaji anapotaja mahali palipokuwa na baridi kuliko pote usiku uliopita, mara nyingi huwa ni hapo. Baada ya hapo kitongoji hicho husahaulika mpaka theluji nyingine ianguke.

Tarehe 30 Desemba 1995, kipimajoto cha Altnaharra kilionyesha nyuzi 27.2 za Selsiasi chini ya sifuri. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha joto kuwahi kupimwa rasmi nchini Uingereza. Altnaharra inakichangia na Braemar, kijiji cha milimani kilicho kusini zaidi, ambacho kilifikia kiwango hicho mwaka 1895 na tena mwaka 1982. Ili kuelewa ukali wa baridi hiyo, inatosha kukumbuka kuwa friza ya kuhifadhia nyama kwa kawaida huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri.

Anayefika hapo huona nyumba chache, kondoo, mlima na ziwa, na bonde refu lisilo na watu. Ni rahisi kudhani kwamba baridi ndiyo iliyowafukuza wakazi. Historia ya bonde hilo inaonyesha vingine. Watu waliishi na kulima humo kwa karne nyingi, katika baridi hiyo hiyo, wakaondoka pale mwenye ardhi alipopiga hesabu na kuona kondoo wana faida kubwa kuliko wao.

Kilipo kitongoji

Altnaharra iko Sutherland, jimbo la zamani lililo kaskazini kabisa mwa nyanda za juu za Uskoti. Sutherland ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 5,200 na wakazi wapatao 13,000 tu, yaani chini ya watu watatu kwa kila kilomita moja ya mraba. Wengi wao wanaishi pwani. Katikati ya jimbo ni milima, maziwa na uwanda mpana wa ardhi oevu.

Kitongoji kiko katika ncha ya magharibi ya ziwa Naver, lenye urefu wa takriban kilomita 10. Maji ya ziwa hilo hutoka upande wa pili kama mto Naver na kuteremka hadi baharini katika pwani ya kaskazini, karibu na kijiji cha Bettyhill. Bonde zima linaitwa Strathnaver. Upande wa kusini umesimama mlima Ben Klibreck, wenye urefu wa zaidi ya mita 960. Kaskazini-magharibi unaonekana Ben Hope, wenye mita 927.

Jina lenyewe ni la Kigaeli, lugha ya asili ya wenyeji, na mwanzo wa jina hilo una maana ya kijito. Kituo cha treni kilicho karibu ni cha Lairg, kusini, umbali wa kilomita zipatazo 34. Ukielekea kaskazini, kijiji cha Tongue kiko umbali wa kilomita zipatazo 27.

Barabara ya kwenda huko ni ya lami lakini ni nyembamba, ina njia moja tu kwa sehemu kubwa. Kila baada ya mwendo mfupi kuna sehemu iliyopanuliwa kando ambapo gari moja hungoja jingine lipite. Kwa mfugaji anayeagiza chakula cha mifugo au anayepeleka wanakondoo mnadani, barabara hiyo ndiyo uti wa mgongo wa biashara yake. Theluji ikiifunga, shughuli husimama.

Kwa nini ni baridi hivyo

Uskoti iko kaskazini mno, lakini kwa kawaida haina baridi ya kutisha. Pwani yake ya magharibi hupata upepo unaopita juu ya maji ya vuguvugu ya bahari ya Atlantiki. Huko Inverewe, chini ya kilomita 100 kusini-magharibi mwa Altnaharra, kuna bustani maarufu iliyoanzishwa mwaka 1862, ambayo humea mimea iliyoletwa kutoka nchi zenye joto zaidi.

Altnaharra haipati nafuu hiyo kwa kiwango hicho. Iko bara, na milima inaizuia isipate hewa ya bahari. Kituo chake cha hali ya hewa kiko mita 81 tu kutoka usawa wa bahari, na jambo hilo huwashangaza wengi, maana mtu angetarajia baridi kubwa iwe juu ya milima.

Sababu ni umbo la bonde. Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Katika usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi ya milimani hupoteza joto lake kuelekea angani, hewa inayoigusa hupoa, kisha huteremka polepole kama maji na kujikusanya chini bondeni. Kukiwa na theluji mbichi hali huwa mbaya zaidi. Theluji hurudisha mwanga wa jua mchana, na usiku huzuia joto la udongo lisipande juu.

Urefu wa usiku unaongeza tatizo. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza kama saa 3 asubuhi na kuzama kama saa 9 na nusu alasiri. Hewa ina muda mrefu wa kupoa na muda mfupi sana wa kupata joto. Mwezi Juni mambo hugeuka, mchana hufikia takriban saa 18 na giza kamili halipo.

Hata hivyo, baridi ya rekodi si ya kila siku. Katika usiku wa kawaida wa Januari joto huwa karibu na sifuri, na mchana wa Julai hufika karibu nyuzi 18. Mvua na theluji kwa pamoja huzidi milimita 1,000 kwa mwaka, na hakuna msimu wa kiangazi kikavu. Lakini baridi kali hurudi. Januari 2010 joto lilishuka hadi nyuzi 22.3 chini ya sifuri, na Januari 2025 lilifika nyuzi 18.9 chini ya sifuri.

Baridi ya namna hiyo ina gharama. Maji yaliyomo kwenye mabomba huganda, hutanuka na kuyapasua. Dizeli ya majira ya baridi inayouzwa Uingereza hutengenezwa ili ihimili takriban nyuzi 15 chini ya sifuri. Zaidi ya hapo huanza kutoa nta inayoziba chujio, na trekta haliwaki. Hivyo siku ambayo mifugo inahitaji chakula kuliko siku zote, ndiyo siku ambayo mashine ya kukipeleka inaweza kugoma.

Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya upepo

Majengo ya Altnaharra ni machache: hoteli, kanisa dogo, nyumba za kuishi na mabanda ya shamba. Nyumba za zamani za nyanda hizo zina sura inayofanana. Kuta ni za mawe, nene, na mara nyingi zimepakwa chokaa nyeupe. Madirisha ni madogo. Paa lina mteremko mkali, limeezekwa vigae vyembamba vya mawe meusi, na dohani iko kila upande mwishoni mwa paa, juu ya moto wa chumba cha chini. Vyumba vya kulala huwa juu, ndani ya paa lenyewe, mahali ambapo joto la moto hupanda.

Kila kitu hapo kina kazi. Paa la mteremko huteremsha mvua na kuzuia theluji isilundikane. Ukuta mnene huvunja upepo. Dirisha dogo hupunguza upotevu wa joto, ingawa pia hupunguza mwanga katika miezi ambayo mwanga ni haba.

Hoteli ndiyo jengo linalojulikana zaidi. Ilianza kama nyumba ya kulala wasafiri na watu waliokuwa wakiswaga ng'ombe kuwapeleka masoko ya kusini. Baadaye ikapata sifa miongoni mwa wavuvi wa samoni.

Kushuka na bonde, katika eneo la Syre, kuna kanisa ambalo lingemshangaza anayetarajia mawe matupu. Lilijengwa mwaka 1901 kwa mabati ya mikunjo. Katika mahali palipo mbali na mafundi na machimbo, jengo la mabati lililotengenezwa vipande vipande kiwandani lilikuwa njia ya haraka na ya gharama nafuu.

Lakini nyumba za zamani zaidi hazionekani kwa urahisi. Kabla ya karne ya 19, mkulima wa Strathnaver aliishi katika nyumba ndefu yenye kuta za mawe na udongo wenye nyasi, na paa la miti lililoezekwa nyasi au vichaka vya nyikani. Watu walikaa upande mmoja na ng'ombe upande mwingine, chini ya paa moja, ili joto la mifugo lisipotee bure. Kuni zilikuwa mboji, ule udongo mweusi wa mimea ambayo haikuoza kabisa, unaokatwa kama matofali, kuanikwa juani na kuchomwa.

Mabaki ya nyumba hizo yako Rosal, jirani na Syre. Mwaka 1962 mtafiti Horace Fairhurst aliyachimba na kuyapima. Ramani yake inaonyesha majengo yapatayo 70, yakiwemo maghala na tanuri za kukaushia nafaka. Tanuri hizo zinaeleza mengi kuhusu kilimo cha hapo. Shayiri ilivunwa ikiwa na unyevu, kwa sababu mvua haikungoja, hivyo bila moto wa kuikausha ingeota au kuoza ghalani. Wakulima wa Rosal walikuwa wamekwisha kupata jibu la tabianchi yao.

Mwaka wa moto

Kilichowaondoa kilikuwa mpango wa biashara. Mwanzoni mwa karne ya 19, sehemu kubwa ya Sutherland ilimilikiwa na Elizabeth, aliyekuwa na cheo cha Countess wa Sutherland, pamoja na mumewe, tajiri wa Kiingereza ambaye mwaka 1833 alifanywa Duke wa kwanza wa Sutherland. Bei za sufu na nyama zilikuwa zimepanda. Kondoo wa Cheviot walikuwa wameonyesha kuwa wanaweza kukaa nyanda za kaskazini. Mpangaji mmoja mwenye maelfu ya kondoo angelipa kodi kubwa kuliko familia nyingi zenye ng'ombe wachache na vishamba vya shayiri.

Familia ziliambiwa zihamie pwani, zikapewe vipande vidogo vya ardhi na kujifunza uvuvi. Mwaka 1814 Patrick Sellar, wakala wa shamba hilo, alisimamia uhamishaji sehemu ya Strathnaver huku yeye mwenyewe akiwa mpangaji mpya wa malisho. Miti ya mapaa ilichomwa ili watu wasirudi kujenga. Mwaka huo unakumbukwa kwa Kigaeli kama mwaka wa moto.

Sellar alishitakiwa kwa kuchoma nyumba na kusababisha vifo, na Aprili 1816 mahakama mjini Inverness ilimwachia huru. Uhamishaji haukukoma. Rosal ilikwisha kuhamwa kufikia mwaka 1818, na mwaka 1819 ikafuata Grummore, iliyo kando ya ziwa Naver, kilomita chache kutoka Altnaharra. Wengi walikwenda pwani, na wengine wakavuka bahari kwenda Kanada.

Barabara inayopita Altnaharra ilijengwa katika miaka hiyo hiyo. Kwa hiyo kitongoji kinachoonekana leo, chenye hoteli yake njia panda, kilipata sura yake wakati bonde jirani lilipokuwa likipoteza watu.

Mfugaji hapangi kalenda yake

Kondoo wamebaki mpaka leo, ingawa si kwa wingi wa zamani. Aina inayotawala ni Cheviot wa kaskazini, mwenye uso mweupe na sufu nene. Ufugaji wake unafuata tabianchi kuliko matakwa ya soko.

Mimba ya kondoo huchukua takriban miezi mitano. Mfugaji wa milimani huwaachia madume mwishoni mwa Novemba ili wanakondoo wazaliwe kuanzia mwishoni mwa Aprili na kuendelea Mei, nyasi zinapoanza kuota. Wakizaliwa Februari, kama ilivyo katika mashamba ya tambarare ya kusini, mama hatakuwa na maziwa ya kutosha na mwanakondoo mwenye maji mwilini anaweza kufa kwa upepo usiku mmoja.

Nyika haina uzio kila mahali. Kondoo hufundishwa na mama zao mipaka ya malisho yao, na ujuzi huo hurithiwa. Ndiyo maana shamba la milimani likiuzwa, kondoo wazoefu mara nyingi huuzwa pamoja na ardhi. Wakiondolewa, kundi jipya litatangatanga kwa miaka.

Majira ya joto nayo yana adui wake. Visubi huibuka kwa mawingu, hasa asubuhi na jioni tulivu, na kuwatesa watu na mifugo. Kisha Agosti hufika mnada wa kondoo wa Lairg, unaohesabiwa miongoni mwa minada mikubwa ya siku moja barani Ulaya. Kwa wafugaji wengi wa milimani, bei ya siku hiyo ndiyo mshahara wa mwaka.

Bei hiyo pekee haitoshi. Wafugaji wa milimani hutegemea ruzuku. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipotenganisha ruzuku na idadi ya mifugo, wengi walipunguza kondoo, na katika maeneo ya kaskazini-magharibi ya Uskoti baadhi ya milima ilibaki bila kundi lolote.

Samoni, miti, upepo na kaboni

Kondoo walikuwa wa kwanza tu. Katika karne ya 19 matajiri waligundua kuwa nyika inaweza kukodishwa kwa uwindaji wa ayala na uvuvi wa samoni. Msimu wa uvuvi katika mto Naver hufunguliwa tarehe 12 Januari, baridi ikiwa kali, na kufungwa mwishoni mwa Septemba. Haki ya kuvua samoni huko ni mali inayomilikiwa na kukodishwa. Lakini samoni wamepungua, na Desemba 2023 samoni wa Atlantiki waliorodheshwa kuwa hatarini kutoweka Uingereza.

Katika miaka ya 1980 ikaja zamu ya miti. Nafuu ya kodi iliwavutia wawekezaji, wengi wao hawajawahi kuishi Sutherland, kupanda misindano katika ardhi oevu baada ya kuichimbia mitaro. Serikali iliondoa nafuu hiyo katika bajeti ya mwaka 1988, na uwekezaji ukakoma. Tangu miaka ya 1990, sehemu ya miti hiyo imekatwa na mitaro kuzibwa ili maji yarudi.

Sababu ni ile mboji iliyokuwa ikichomwa jikoni. Mahali pengine ina kina cha hadi mita 10, na huongezeka kwa takriban milimita moja kwa mwaka. Uwanda wa Caithness na Sutherland unaoitwa Flow Country unakadiriwa kuhifadhi tani milioni 400 za kaboni, zaidi ya mara mbili ya kaboni iliyo katika misitu yote ya Uingereza. Ukikauka, kaboni hiyo huingia hewani. Julai 2024 UNESCO iliuweka uwanda huo katika orodha ya urithi wa dunia, ukiwa wa kwanza kuorodheshwa kwa sababu ya mboji.

Upepo nao umepata bei. Kusini mwa Altnaharra kuna shamba la upepo la Creag Riabhach, lenye mitambo 22, ambalo serikali ya Uskoti ililiidhinisha mwaka 2016.

Ukiziweka biashara hizo pamoja, sufu, uwindaji, samoni, mbao, umeme na sasa kaboni, huwezi kusema ardhi ya Altnaharra ni maskini. Imezalisha fedha kwa karne mbili. Lakini kila mara uamuzi mkubwa umefanywa na mtu anayeishi mbali, na idadi ya nyumba bondeni haikuongezeka kwa kiasi cha kutajwa.

Sheria zimejaribu kurekebisha. Sheria ya mwaka 1886 iliwapa wakulima wadogo wa nyanda za juu haki ya kutofukuzwa ovyo, kodi ya haki na kurithisha vishamba vyao, ingawa haikuwarudishia mabonde waliyopoteza. Mwanzoni mwa karne ya 20, bodi ya serikali ilinunua ardhi huko Syre, ambako Sellar aliwahi kulisha kondoo, ikaigawa kwa wakulima wadogo. Mwaka 1993 wakulima wa Assynt, magharibi mwa Sutherland, walichangisha pauni 300,000 na kununua zaidi ya ekari 21,000 walizokuwa wapangaji. Kisha sheria ya ardhi ya mwaka 2003 ikaipa jamii ya vijijini haki ya kuwa wa kwanza kununua ardhi yao inapouzwa, ikiwa imejiandikisha.

Haki hiyo, hata hivyo, inahitaji watu wa kuitumia. Kijiji chenye mamia ya wakazi kinaweza kuunda kamati, kutafuta mkopo na kuendesha mradi. Kitongoji chenye nyumba za kuhesabu hakina wengi wa kugawana kazi hiyo, hasa katika bonde ambalo gari la dizeli linaweza kugoma kuwaka asubuhi ya Januari. Hilo ndilo deni la mwaka 1819 ambalo halijalipwa bado. Nyumba ya mawe inaweza kujengwa upya kwa mwaka mmoja, lakini jamii iliyojua lini ipande shayiri na namna ya kuikausha kabla haijaoza ilichukua karne nyingi kujengeka.